Mashuka ya Genowefa

Kila Jumatatu, Mtaa wa Wahunzi,
Genowefa Kurzeja alianika shuka moja jeupe
na hakulianua mpaka Ijumaa.
Majirani walidhani uzee umemlegeza akili.
Nani aanike nguo siku tano
chini ya bomba la tanuri za makaa,
Silesia, mwezi wa Novemba,
mahali ambapo hata theluji huanguka
ikiwa imeshavaa kijivu?

Ijumaa alilishusha. Hakulifua.
Alilikunja taratibu kama bendera ya marehemu,
akalitia tarehe pembeni kwa uzi mwekundu,
akaliweka kabatini juu ya lile la wiki iliyopita.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.
Baba alifanya zamu ya usiku palepale tanurini,
na kwetu moshi haukusemwa vibaya.
Ndio uliotununulia viatu.
Ukikohoa, ulikohoa kwa adabu,
mdomo ndani ya kiwiko,
kama mtu aliyebanwa na kicheko msibani.

Mwalimu wa kemia, Wiesława Pyka,
alitupeleka kwa Genowefa na hadubini ya shule,
ile yenye skrubu iliyoshikizwa kwa gundi.
Tukakata kipande cha shuka, ukubwa wa stempu.
"Hesabuni," alisema. Hakuongeza neno.
Nilifika punje mia tatu na kumi na mbili za masizi,
nikapiga chafya,
nikaanza upya.

Wiki ya sita Tymek akaleta shuka la mama yake.
Wiki ya tisa kamba zilikuwa kumi na nne:
foronya, kitambaa cha meza cha Krismasi,
nepi ya mtoto wa akina Sobala.
Mtaa mzima umetoa weupe wake nje
uchafuliwe hadharani.

Kamba yetu ilibaki tupu.
Mama aliitazama kila alipoosha vyombo.
Kisha asubuhi moja nikamkuta baba, ametoka zamu,
macho yamezungukwa na duara safi za miwani ya kazi,
vibanio viwili mdomoni,
anahangaika na upepo.
Lilikuwa shuka lao la arusi.
"Usiniulize," alisema na vibanio vyake.
Sikumwuliza.

Machi tukayapeleka yote barazani
kwa kitoroli kilichowahi kubeba makaa.
Mkurugenzi wa kiwanda alikuja na grafu za rangi.
Genowefa alifunua la kwanza,
akalitandika juu ya meza yao,
juu ya grafu, juu ya vikombe vya chai,
la pili, la tatu.
Kufikia la saba diwani mmoja
alikuwa anajifuta viganja kwenye suruali
na viganja havitakati.
Sisi wanafunzi tulisoma tarehe kwa kupokezana.
Sauti ya Tymek ilivunjika katikati ya Januari,
wiki aliyolazwa dada yake.
Hakuna aliyemharakisha.

Sitaki kudanganya.
Tanuri mbili kati ya tano zilipata vichujio mwaka ule.
Ya tatu ilichukua miaka minne na mgomo mmoja.
Baba alihamishwa kwenda kufagia ghala,
na hakuna aliyetuambia kwa nini,
na sote tulijua.

Genowefa alizikwa Oktoba, siku ya jua.
Mtaa uliacha mashuka kwenye kamba,
na jeneza likapita katikati yake
bila mtu kuyasogeza.

Leo hadubini ni yangu, na darasa pia.
Kile kipande cha stempu nimekibandika chini ya kioo.
Juzi Jagna wa safu ya nyuma,
ambaye huuliza maswali akitazama dirishani,
alihesabu kipande kipya cha wiki hii.
Arobaini na moja.
Nikasema, unaona, zamani zilikuwa mia tatu.
Akakunja uso.
"Arobaini na moja bado ni nyingi, mwalimu,"
akasema, akaanza kufungua droo zangu
akitafuta kamba.